Maswali ya Wasomaji: Kufundisha Ukandaji wa Miguu wa Kithai Wilayani

SWALI: Nimesomea ukandaji wa miguu wa Kithai. Nataka kuzunguka Kondoa, Kongwa na Mpwapwa nikifundisha siku mbili kila mahali, watu kumi kwa darasa. Nibebe nini, na nianze na nini?
Msomaji, Dodoma mjini

JIBU: Kumi wanatosha. Wakizidi hapo hutaona gumba la kila mmoja, na makosa mengi yanaanzia kwenye gumba.

Maji yapangie kabla ya safari, maana wakati wa kiangazi ukumbi kuwa na bomba si hakikisho la kuwa na maji. Kuosha miguu ya mtu mmoja kunahitaji kama lita 3. Kwa kumi ni lita 30, na lita 10 nyingine za kuoshea mikono na vijiti vya kukandia. Hivyo ni madumu mawili ya lita 20 kwa siku. Mafuta ni kijiko kimoja cha chai kwa kila mguu, wayo hadi goti. Miguu ishirini kwa siku mbili ni mililita 200, basi beba robo lita. Mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri yanafaa. Yenye machicha yanakwaruza. Wengi humimina mafuta mengi wakidhani ni ukarimu, kumbe gumba linateleza na mkandaji analazimika kubana zaidi. Taulo ziwe mbili kwa kila mwanafunzi, na zikung'utwe vumbi kila zinapotandikwa: mchanga ukiingia kwenye mafuta unachubua ngozi.

Siku ya kwanza vijiti vibaki kwenye begi. Fundisha kupaka, kukamua shavu la mguu kuelekea goti, kukanda unyayo kwa vifundo vya ngumi, gumba mwishoni. Gumba likipinda nyuma, kesho yake kiungo kinauma na mwanafunzi anaacha kazi. Kiungo kikae kimenyooka, nguvu itoke kwenye uzito wa mwili. Mguu wa anayekandwa uwe usawa wa kitovu cha mkandaji au chini kidogo. Ukiwa juu, mabega yanapanda na mzigo wote unabaki vidoleni.

Siku ya pili toa vijiti. Seremala yeyote anaweza kuvichonga kwa mninga: sentimita 12 hadi 15, ncha ya mviringo, vipigwe msasa mpaka viteleze, kwani mbao laini hutoa vibanzi. Kijiti ni cha unyayo tu, si cha muundi wala mfupa wa kifundo. Mbao haihisi msuli kama gumba linavyohisi, ndiyo maana wanaoanza huacha michubuko. Anayekandwa ataje shinikizo kutoka 1 hadi 10. Likipita 6, mkandaji apunguze. Baada ya kila mtu, kijiti kioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo kifutwe kwa spiriti, kwa sababu spiriti haifanyi kazi vizuri juu ya mafuta.

SWALI: Wanafunzi wanataka ramani ya nyayo: hapa figo, pale ini. Niwape?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Wape mwishoni, pamoja na asili yake. Ramani hizi zilienezwa Marekani na Dkt. William Fitzgerald, kisha Eunice Ingham katika miaka ya 1930. Wakandaji wa Thailand wanazitumia pamoja na mbinu zao za kukanda na kuvuta. Ukandaji hulegeza misuli na kupunguza uchovu. Haujathibitishwa kutibu figo, na sehemu inayouma wayoni haitambui ugonjwa. Mwanafunzi anayemwambia mgonjwa aache dawa amevuka mpaka, na wewe uliyemfundisha una sehemu ya lawama. Cheti cha siku mbili kiandikwe "amehudhuria". Anayetaka kujiita mtabibu aanzie Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

SWALI: Nani asikandwe darasani?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma usiguswe kabisa. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kipande kikikatika kinaweza kufika kwenye mapafu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia wayoni hawezi kukuambia kwamba unamuumiza, kwa hiyo naye aachwe. Vidonda, fangasi na mvunjiko vinasubiri mpaka vipone. Magaga makavu yalowekwe dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu; yanayotoa damu ni vidonda. Usiyasugue kwa jiwe kabla ya darasa, kwani ngozi mpya iliyo chini huchubuka upesi.