Maswali na majibu: Mjasiriamali huelekea kwenye malipo

Kwa nini baadhi ya nchi zina wajasiriamali wengi na nyingine hazina?

Swali hili hunifikia kila mara, likiwa na kosa lile lile. Wajasiriamali wako kila mahali. Kinachotofautiana ni shughuli inayowalipa. Mchumi William Baumol alieleza mwaka 1990 kwamba werevu ule ule waweza kuzalisha mali, kugombea mali iliyokwisha kuzalishwa na wengine, au hata kuiharibu, na kwamba kanuni za jamii, ambazo wachumi huziita taasisi, ndizo zinazoamua njia ipi itafuatwa. Pale ambapo kibali cha kuagiza bidhaa peke yako kina faida kubwa kuliko kiwanda, usimtafute mwerevu kiwandani. Utamkuta mlangoni kwa mwenye mhuri. Semina za ujasiriamali hazimbadilishi mtu huyo, na nadhani watunga sera wanazipenda kwa kuwa hazimkeri yeyote mwenye madaraka.

Taasisi si ndizo ofisi za serikali?

Sizo. Tumezoea kuliona neno hili kwenye mabango ya vyuo na mashirika, lakini katika mjadala huu maana yake ni ile aliyoieleza Douglass North, mshindi wa Nobel ya uchumi ya mwaka 1993: kanuni za mchezo, zilizoandikwa na zisizoandikwa. Ofisi ni mchezaji tu.

Tukipunguza siku za kusajili kampuni, uchumi utakua?

Mchumi wa Peru Hernando de Soto na wenzake walijaribu kusajili karakana ndogo ya ushonaji mjini Lima, mji mkuu wa nchi hiyo, na kazi hiyo ikawachukua siku 289. Kisa hicho kilistahili kusikika, ila kilizaa mbio za kupunguza siku ili kupanda kwenye orodha ya Benki ya Dunia ya urahisi wa kufanya biashara, orodha ambayo benki yenyewe iliifuta mwaka 2021 baada ya kasoro kugunduliwa katika takwimu zake. Usajili ni mlango tu. Mfanyabiashara anayejua kwamba mteja akikataa kulipa kesi itadumu miaka, huwauzia ndugu, jirani na wale anaofahamiana nao, na kwa sababu hiyo biashara yake, hata ikiwa na cheti kilichopatikana kwa saa chache, haivuki mipaka ya watu anaowajua. Anayetaka kupima mageuzi na aanzie mahakamani.

Rushwa ndogo si huharakisha mambo?

Huharakisha faili lako, na humfundisha mwenye ofisi kuyachelewesha yanayofuata.

Hatimiliki ya ardhi itampatia maskini mkopo?

Huenda, lakini si kwa kiasi kinachoahidiwa. Katika kitongoji kimoja cha Buenos Aires, Argentina, familia zilizopewa hati ziliboresha nyumba na watoto wao wakasoma zaidi, ilhali upatikanaji wa mikopo haukubadilika sana. Benki huangalia kipato cha mkopaji, na pia kama dhamana inaweza kuuzwa kweli akishindwa kulipa. Hukuniuliza, lakini nakuonya: usiweke rehani nyumba yako ya pekee kwa biashara ambayo bado haijapata mteja.

Wanaofilisika wasifungwe ili wengine waogope?

Uingereza iliwafunga wadaiwa kwa karne nyingi, mpaka sheria ya mwaka 1869 ilipoikomesha desturi hiyo kwa sehemu kubwa. Mdaiwa aliye gerezani hazalishi cha kulipia.

China ilikua bila sheria imara ya mali. Nadharia yenu kwamba kanuni ndizo zinazoamua haijaanguka?

Hatimaye, swali lililofikiriwa. Ni kweli kwamba mageuzi yalianza mwaka 1978 na sheria ya mali ikapitishwa mwaka 2007. Lakini katika miaka ya 1980 viwanda vingi vya vijijini na miji midogo vilikuwa chini ya serikali za mitaa, na serikali hizo ziliruhusiwa kubaki na sehemu kubwa ya mapato ya ziada. Kwa hiyo ofisa aliyeua kiwanda alijikata mkono mwenyewe. Ulinzi ulikuwepo, ila ulitokana na masilahi ya ofisa na si hukumu ya jaji. Wanaoitaja China ili kuahirisha mageuzi ya mahakama hulisahau sharti hilo, na husahau pia kwamba kufikia mwisho wa miaka ya 1990 vingi vya viwanda hivyo vilikuwa vimekwisha kuingia mikononi mwa watu binafsi.