Urafiki wa kwenye The Visitor upo, nimeuona Likoni

Umeuliza kama urafiki wa profesa na vijana wasio na vibali kwenye The Visitor, ile filamu ya Tom McCarthy ya 2007, ni wa kweli au ni Mmarekani kujiona mwema. Mimi nasema upo.

Kwa ambao hawajaitazama: Walter, profesa mjane, anarudi kwenye nyumba yake New York na kumkuta Tarek wa Syria, mpiga djembe, na mpenzi wake Zainab wa Senegal, muuza mapambo. Tapeli kawapangisha. Anawaacha wakae, Tarek anamfunza ngoma. Kisha Tarek anakamatwa kwenye stesheni ya treni kwa kudhaniwa hakulipa nauli, na alikuwa amelipa.

Sasa angalia nani anaingia kumwona mahabusu. Zainab hathubutu, naye hana karatasi. Mouna, mamake Tarek, anakuja kutoka Michigan na yeye pia anaishia nje. Anayeingia ni Walter, aliyemjua kijana juzijuzi tu. Hapo nilisimamisha video, maana jambo hilo nalijua.

Nina rafiki mvuvi, Mpemba aliyezaliwa papa hapa pwani ya Kenya. Kabla serikali haijawatambua Wapemba kuwa raia 2023 hakuwa na kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Laini yake ya simu niliisajili mimi, kwa hivyo mteja akimlipa samaki kwa M-Pesa lilikuwa likitokea jina langu, na kila mara ilibidi aanze kujieleza. Siku askari walipomshika akishuka feri, kaka zake walikuja wakasimama ng'ambo ya barabara, chini ya mwarobaini, macho kwenye mlango wa kituo. Kuvuka hawawezi, nao hawana vipande. Wakanipa mkate na maji nimpelekee. Mimi, mtu baki, ndiye niliyeingia.

"Wewe ni nani wake?" Nikasema rafiki. Askari akaniangalia, akaendelea kuandika mambo yake.

Ndiyo maana Walter anapopiga kelele pale kaunta, akiambiwa Tarek ameshaondoshwa nchini, sikuona maigizo. Wakili kamwekea, uraia anao, pesa anazo, na bado hana kauli. Sheria inamjua mzazi, mke, wakili. Rafiki haimjui.

Lawama yangu ni kwamba kamera inamganda mno Walter. Richard Jenkins, anayemwigiza, uteuzi wa Oscar aliustahili, lakini anayeijua hatari tangu mwanzo ni Zainab, aliyeigizwa na Danai Gurira. Wengine humwona ana maringo kwa vile hamchekei mwenye nyumba. Wallahi, wake wa wavuvi wa Kipemba ndivyo walivyonipokea miaka ya mwanzo, mlango nusu, salamu fupi. Zainab aliishije baada ya Tarek kuondoka? Nilitaka sana kuona hilo, filamu ikamwacha njiani.

Na Tarek angalau alikuwa na Syria ya kurudishwa. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wangerudishwa wapi? Ilibidi 2016 watembee kwa miguu kwenda Nairobi kudai vipande.

Kuhusu Mouna kuitupa barua ya serikali iliyowaamuru waondoke Marekani, jambo ulilosema limekuudhi, mimi simlaumu. Anaeleza mwenyewe: hakuna aliyekuja kuwauliza, muda ukapita, wakasahau. Hata rafiki yangu mpaka siku ile ya feri alikuwa akivuka kila asubuhi bila wasiwasi.