Nyimbo zake zote ninazo, na bado nitasafiri

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kuna haja gani ya kusafiri masafa marefu kumsikiliza mwanamuziki jukwaani ilhali nyimbo zake zote zimo kwenye simu. Mimi ni shabiki wa kufunga safari, na nasema hizo zilizomo kwenye simu ndizo zinazonitoa nyumbani. Anayejua wimbo neno kwa neno ndiye anayeshtuka mwimbaji akiuchelewesha ubeti kwa pumzi moja tu. Asiyeujua hataona kitu.

Mwaka 1705 Johann Sebastian Bach, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akipiga kinanda kanisani katika mji wa Arnstadt, Ujerumani, aliomba ruhusa ya wiki nne. Akaenda kwa miguu mpaka Lübeck, mwendo wa takriban kilomita 400, ili amsikie Dieterich Buxtehude, gwiji wa kinanda wa zama hizo. Na kazi za mzee huyo hazikuwa ngeni kwake: alikuwa ameanza kuzinakili kwa mkono tangu angali mdogo. Kwa maneno ya swali lenu, nyimbo alikuwa nazo! Wiki nne zikawa kama miezi minne. Aliporejea mwanzoni mwa 1706, wakuu wa kanisa wakamweka kitako. Walimhoji kuhusu kuchelewa, kisha wakalalamika kwamba anazitia nyimbo za ibada vikorombwezo vya ajabu hata waumini wanapotea. Lalamiko hilo nalipenda kuliko sifa zote alizokuja kupewa baadaye. Noti alikuwa nazo kwenye karatasi miaka yote. Naamini kilichomwasha ni kukaa karibu na mikono iliyokuwa ikizipiga.

Tena kuna muziki ambao msikilizaji mwenyewe ni sehemu ya upigaji. Umm Kulthum, mwimbaji mashuhuri wa Misri, kwa miaka mingi aliimba Cairo Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wa maonyesho, na redio ikirusha moja kwa moja. Akitoa mstari ukawachoma watu, ukumbi ulipaza sauti kumwomba aurudie, naye aliurudia kwa mapambo mapya, mara nyingine tena na tena, mpaka wimbo mmoja ukapita saa nzima. Aliyekuwa akisikiliza redioni aliyapata hayo yote, ila sauti yake mwenyewe haikufika ukumbini. Waliokuwa vitini ndio waliomfanya arudi kwenye mstari ule. Ninaposafiri, hicho ndicho ninachokifuata: kuwa miongoni mwa watu ambao mwanamuziki anawasikia.

Niongeze jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Nyimbo nyingi kwenye rekodi hazina mwisho. Fundi anapunguza sauti taratibu mpaka inazimika huku bendi bado inapiga. Jukwaani hilo halipo. Wimbo ni lazima ufike mahali usimame, na wapigaji ndio wa kupatafuta mahali hapo. Mpiga gitaa ninayempenda kupita wote ana wimbo wa namna hiyo, nilioishi nao miaka bila kujua unakwenda wapi. Nilipomsikia akiupiga mbele yangu, pale ambapo rekodi huanza kufifia yeye ndipo alipoanza kuchacha: akamgeukia mpiga ngoma, wakatazamana, wakajibizana, tukashika pumzi ukumbi mzima. Wakatua pamoja kwa pigo moja. Nililia, na sioni haya kulisema.

Hata hivyo si kila mwanamuziki anastahili safari. Anayeimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa, kila mji vilevile, hata mzaha wake ukiwa uleule, huyo msikilize ukiwa nyumbani. Msafirie yule anayebadilisha mpangilio wa nyimbo kila usiku, na ukiweza kata tiketi za usiku miwili mfululizo, kwa kuwa ni usiku wa pili unaokuonyesha kipi kilipangwa na kipi kilizaliwa palepale.

Na ukifika, usikimbilie tu kujibana mbele kabisa. Fundi wa sauti huchanganya vyombo kwa anavyovisikia pale alipo, kwa hiyo kusimama jirani na mtambo wake ni kusikia karibu kile anachokisikia yeye. Ukiwa mbali mno nako, sauti inachelewa: inasafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo mtu aliye mita 100 kutoka jukwaani anauona mkono wa mpiga ngoma ukishuka kabla pigo halijamfikia. Beba pia vizibo vya masikio. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti kwenye kumbi usizidi desibeli 100, lakini si kila ukumbi unafuata, na masikio hayo ndiyo utakayoyahitaji kwa safari nyingine.

Najua kuna watakaosema rekodi ni safi zaidi, na wana bingwa wa kumtaja. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliamini onyesho la mbele ya watu litakufa na studio itachukua nafasi yake. Mwaka 1964, akiwa na miaka 31, aliacha kabisa kupiga mbele ya hadhira. Aliishi miaka 18 zaidi, akarekodi mpaka mwisho, na rekodi hizo nazipenda kwa dhati. Lakini huwa nawafikiria wapenzi wake waliokuwa wamejiambia kwamba watakwenda msimu ujao. Alikuwa kijana, mzima, kazi iko mbele. Hawakuwa na sababu ya kuharakisha. Mpiga gitaa wangu ametangaza tarehe mpya, na tiketi nimeshakata.