Songwe si Lukla

Mkuu, umeuliza kama Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, ni wa hatari kama ule wa Lukla huko Nepal, maana ndege yenu ilizunguka juu ya Mbeya kisha ikarudi Dar bila kutua. Hapana, hata kidogo. Njia ya kurukia ya Lukla ina mita 527 tu, imeinama kwa takriban asilimia 12, na mwisho wake ni mlima. Rubani akishakaribia kutua hana nafasi ya kupaa tena. Ya Songwe inazidi kilomita 3, na ndege ikighairi kutua ina pa kupita.

Shida kubwa ya kwetu ni ukungu. Rubani akishuka hadi kimo kilichowekwa bila kuiona njia, lazima apae. Kuwarudisha Dar ilikuwa kazi sahihi kabisa, msimlaumu. Na ile kasi uliyowahi kuihisi magurudumu yakigusa chini ni ya kweli: kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 hewa ni nyepesi, hivyo ndege hutua kwa mwendo mkubwa kuliko Dar.

Ukiwa na kikao cha asubuhi msimu wa ukungu, safiri siku moja kabla.