Kabla Hujayaogopa Mapigo ya Moyo, Yahesabu

Mtu ambaye moyo humwenda mbio usiku bila sababu anayoijua, kama ulivyokuwa ukinienda mimi kwa muda mrefu, huwa na swali moja tu kichwani: je, moyo wangu ni mgonjwa? Daktari ninayemwona hapa Mombasa alinijibu kwa swali jingine, nami nimekuja kuona kuwa lilikuwa na manufaa zaidi kuliko langu: ukiwa umetulia, moyo wako hupiga mara ngapi kwa dakika? Wengi wetu tunazijua namba za presha zetu kwa moyo, lakini hili hatulijui.

Kuhesabu ni rahisi. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati juu ya kifundo cha mkono, chini kidogo ya mzizi wa kidole gumba, ubonyeze polepole mpaka uusikie mshipa. Usitumie gumba, kwa sababu lina mshipa wake na utahesabu mapigo yasiyo ya pale ulipogusa. Hesabu dakika nzima, wala si sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwani dakika nzima hukuonyesha pia kama mapigo yanafuatana sawasawa. Mimi huhesabu nikiamka kwa sala ya alfajiri, kabla sijainuka kitandani. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100, ingawa waliozoea mazoezi mazito huweza kuwa chini ya hapo bila dhara.

Namba hiyo itakufaa zaidi ukijua inakotoka. Moyo hausubiri amri ya ubongo ili upige. Katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia kuna kifundo kidogo cha seli zinazojizalishia umeme zenyewe, ambacho Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza walikieleza mwaka 1907. Umeme huo husambaa katika vyumba vya juu, hucheleweshwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde ili vyumba vya chini vimalize kujaa damu, kisha huteremka na kuvikaza. Kifundo hicho kikiachwa bila neva yoyote hupiga takriban mara 100 kwa dakika, na ndiyo sababu moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zimekatwa, huenda kwa kasi hata mwenyewe akiwa amelala. Kinachoushusha moyo wa kawaida hadi 70 hivi ni neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo na kuuzuia muda wote, mfano wa dereva anayeteremka mlima huku mguu wake ukiwa juu ya breki. Unapoinuka au kushtuka, jambo la kwanza ni mguu huo kulegezwa. Adrenalini, kemikali ambayo mwili huimwaga katika damu unaposhtuka, hufuata baadaye, na huchukua muda kuondoka katika damu, jambo linaloeleza kwa nini moyo huendelea kudunda hata baada ya hofu yenyewe kupita.

Namna breki hiyo inavyofanya kazi ilionyeshwa mwaka 1921 na mwanasayansi Otto Loewi, aliyeisisimua neva ya vagasi ya moyo wa chura, akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyamimina juu ya moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mwendo bila kuguswa. Neva, kumbe, huuambia moyo utulie kwa kutoa kemikali. Loewi na Henry Dale, Mwingereza aliyechunguza kemikali za namna hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Nilipolielewa hilo, mambo mengi ya hapa mjini yalinieleweka. Katika msimu wa kaskazi, joto likiwa kali na jasho halikauki, mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, na moyo hulazimika kuongeza mwendo. Kupanda kwa mapigo kidogo mchana wa Januari hakunitii hofu tena. Homa nayo huongeza takriban mapigo kumi kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiinuka ghafla kutoka sijda, damu huelekea miguuni, vihisio vilivyomo katika mishipa ya shingo na karibu na moyo hugundua kuwa presha imeshuka, na moyo huharakishwa papo hapo. Kwa wazee na wanaotumia dawa za presha, marekebisho hayo huchelewa, nao huona kizunguzungu. Wainuke kwa awamu, wakishika kiti ikibidi.

Kahawa chungu ya jioni sikuiacha, ila nimeisogeza mapema, maana niligundua kuwa vikombe vya baada ya isha ndivyo vilivyokuwa vikiniamsha. Muguka na miraa ni jambo jingine kabisa. Vina kemikali ya kathinoni, inayofanya kazi kwa jinsi inayokaribiana na adrenalini, na mwenye tatizo la moyo anayetafuna huku akimeza dawa za kuutuliza anajipinga mwenyewe. Hata madafu, tunayoyaona hayana lawama, yana potasiamu nyingi, madini yanayogusa moja kwa moja umeme wa moyo. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Wanaotumia dawa za kupunguza mapigo, kama vile propranolol au atenolol, wasiziache ghafla, kwa kuwa moyo huweza kurudi kwa kishindo kikubwa kuliko mwanzo. Ramadhani ndipo wengi hukatiza, kwa hiyo saa za kumeza dawa zipangwe na daktari kabla mwezi haujaandama.

Moyo ukienda mbio na kuandamana na maumivu ya kifua, kuzirai au kukosa pumzi, usikae kuhesabu, nenda hospitali mara moja. Mapigo yasiyofuata mpangilio wowote, hata kama huumwi popote, nayo yapelekwe kwa daktari mapema, kwani hali hiyo huweza kusababisha damu kuganda moyoni na kuleta kiharusi. Jambo linalowavunja moyo wengi ni kwamba kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo hurekodi sekunde 10 tu, na mara nyingi moyo huwa umeshatulia kabla hujafika kliniki. Kwa hiyo mimi huandika katika daftari saa, idadi ya mapigo, kama yalikuwa sawasawa au la, na nilichokuwa nikifanya; na ni kurasa hizo zilizomfanya daktari anifunge kifaa kinachorekodi kwa saa 24.