Muulize Fundi: Tairi zinateleza kando ya Luiche

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua baiskeli ya gia ya mtumba, tairi 26 kwa 2.1. Napita njia za mashambani kando ya Mto Luiche. Kwenye tope inateleza, na nikijaza upepo ndiyo inazidi. Nifanyeje? *Msomaji, Ujiji*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Punguza huo upepo! Tairi iliyojaa sana inagusa ardhi padogo, itashika nini? Kama una kilo 70 hivi, anza na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 30 mbele na 33 nyuma, maana nyuma ndiko uzito ulipo. Pima kwa geji, siyo kwa kubonyeza kidole kama wafanyavyo mafundi wengi wa barazani. Usishuke mno pia: ukigonga jiwe, rimu itaibana tyubu na utakuta matundu mawili yanayotazamana. Hapo usimsingizie mwiba.

Kona ikija, funga breki mapema, zote mbili, kisha ziachie ukiingia. Vijana wa California, Marekani, walioanzisha mchezo wa baiskeli za milimani miaka ya 1970 walishuka Mlima Tamalpais na baiskeli kuukuu za breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki ilikuwa ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, na grisi iliungua humo. Wewe una breki za mkononi, shukuru.

Mvua ikiwa imenyesha usiku, mimi singepita kabisa. Mfereji unaoachwa na tairi utageuka njia ya maji, na njia ile ni ya wakulima kabla haijawa yako. Ukikutana na mama mwenye mzigo kichwani, shuka wewe, umpishe. Na funga kengele. Ya hiyo baiskeli ya mtumba naona umesahau kuitaja.