Nani aliyeivunja Free

Mwanangu,

Umeniuliza nani aliyeivunja Free, ile bendi ya roki ya Uingereza, Rodgers au Fraser, na unataka jina moja. Nitafika huko. Lakini kila nikiwakumbuka wale vijana wanne, anayenijia kwanza ni Koss, yaani Paul Kossoff, kwa hiyo niache nianze naye.

Kwanza shika umri wao. Walipokutana London, Aprili 1968, Paul Rodgers mwimbaji na Simon Kirke wa dramu walikuwa na miaka 18, Paul Kossoff wa gitaa 17, na Andy Fraser wa besi 15. Kumi na tano, na alikuwa ameshapiga na John Mayall, gwiji wa blues! Jina la bendi walipewa na Alexis Korner, mwanamuziki mkongwe wa blues. Miaka miwili baadaye wimbo wao "All Right Now" ukafika nambari mbili kwenye chati za Uingereza, na Agosti 1970 wakapanda jukwaani kwenye tamasha la Kisiwa cha Wight, mbele ya umati unaokisiwa kufika laki sita.

Nami nilikuwamo, unajua. Tulivuka kwa feri kutoka Portsmouth, wanafunzi wa uuguzi, na shangazi hakuambiwa. Jumapili mchana wakatoka wanne tu. Bendi nyingine nilizozisikia zilijaza kila upenyo kwa makelele. Hawa waliacha nafasi. Isikilize tena "All Right Now": kwenye beti besi haipo kabisa. Fraser anangoja. Gitaa la Koss na dramu za Kirke zinamchukua mwimbaji peke yao, kisha kiitikio kinaingia na besi chini yake, unaisikia kifuani. Nimekwambia tangu unajifunza kinanda: kunyamaza nako ni kupiga. Na yule Fraser, babake ana asili ya Karibi, rangi yake ni ya kaka zangu, miaka 18, amesimama pale ametulia tuli! Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka. Furaha ya siku ile haijanitoka mpaka leo.

Usiku wake akapiga Jimi Hendrix, yule gwiji wa gitaa, na hazikupita wiki tatu akafariki. Koss alimpenda mno, na msiba ule ulimwelemea. Desemba ikatoka Highway, albamu ambayo mimi naipenda kuliko zote, ikaishia nafasi ya 41 kwenye chati. Rodgers na Fraser, waliokuwa wakitunga pamoja karibu kila kitu, wakawa hawasikilizani tena. 1971 wakaachana. Kila mmoja akaenda na mipango yake. Koss akazama kwenye mandrax, vidonge vya usingizi vinavyolevya.

Hapa ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Kunyamaza nako ni kupiga, naam, lakini kwa mtu aliyenaswa na vidonge kunyamaza si chochote. Ya mjomba wako unayajua, siyarudii. Wazee walisema kijana ana homa, mwaka mzima homa, na mimi muuguzi naambiwa nifunge mdomo.

Lakini niwatendee haki: wale hawakunyamaza. 1972 walirudiana, na sababu moja kubwa ilikuwa kumwokoa Koss. Haikusaidia. Fraser akaondoka mwaka uleule, akaja Tetsu Yamauchi kwenye besi na Rabbit kwenye kinanda. Wimbo wao "Wishing Well" wengi tunausikia kama maneno ya Rodgers kwa rafiki yake Koss. Ila katika jalada la albamu ya Heartbreaker, 1973, jina la Koss limewekwa kando, mwanamuziki wa ziada. Bendi aliyoianzisha mwenyewe! Nikilisoma jalada lile hasira hunipanda. Haya, pengine ni kweli hakuweza kupiga nyimbo zote, na jalada halikusema uongo. Pengine. Bado wangemwandika pamoja na wenzake, ingewapunguzia nini?

Alifia ndegeni, kutoka Los Angeles kwenda New York, tarehe 19 Machi 1976. Miaka 25. Babake, David Kossoff, mwigizaji, alizunguka akipanda jukwaani peke yake kuwaeleza watu dawa zilivyomuua mwanawe na zilivyoiacha nyumba yake. Mzee yule namheshimu kuliko mwanamuziki yeyote niliyemtaja hapa. Alisema kwa sauti, mbele za watu, kitu ambacho kwetu kilifungiwa chumbani.

Sasa, Rodgers au Fraser. Rodgers ni rahisi kumtwisha lawama, maana yeye na Kirke waliunda bendi nyingine, Bad Company, wakapata kila kitu. Fraser naye aliondoka mara mbili. Lakini nani angeweza kubaki, na umri ule, akimtazama mwenzake anaishia mbele ya macho yake? Jina ninalo mdomoni, na kwa unavyonijua umeshalibahatisha. Silitamki. Muulize baba yako; yeye hutaja la kwake bila kuulizwa mara mbili, na mimi namwambia amekosea.

Mama yako